Ulikunywa lini mara ya mwisho? Swali linalosahaulika kwenye faili la majeruhi

Kwenye wodi ya mifupa, usiku wa tatu ndio wa kuogopwa. Mgonjwa kaletwa Jumamosi jioni, paja limevunjika kwa ajali ya bodaboda. Jumapili katulia, anasalimiana na majirani wa kitanda. Jumatatu usiku anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka, anamwamuru mtu asiyeonekana afungue kamba ya mtumbwi, anang'oa dripu, anataka kushuka na mguu ambao bado umefungiwa uzito. Ndugu wanasema karogwa. Jirani anasema malaria imempanda kichwani. Kwenye faili inaandikwa "mgonjwa anasumbua". Mara nyingi jibu ni jepesi kuliko yote hayo: huyu bwana alikuwa anakunywa kila siku, na hakuna aliyemuuliza.

Naandika kwa ajili ya wanaohudumia majeruhi, yaani madaktari wa zamu, matabibu, manesi na wanafunzi, na pia kwa ndugu wanaokesha wodini, maana wao ndio huona mikono inaanza kutetemeka kabla ya mtu mwingine yeyote. Dozi nitakazotaja ni za hospitali. Si za kununua duka la dawa ukampe mjomba nyumbani.

Saa inaanza kuhesabiwa wapi

Pombe huipa nguvu sehemu ya ubongo inayotuliza na kuizima ile inayochochea. Mtu akinywa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo hujirekebisha ili aweze kutembea na kuongea hivyo hivyo alivyo: breki zinalegezwa, akseleta inakazwa. Pombe ikikatika ghafla, breki bado zimelegea na akseleta bado imekazwa. Hiyo ndiyo arosto ya pombe, na ndiyo maana si suala la mtu kukosa adabu.

Inakuja kwa ratiba. Kati ya masaa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho unaanza kuona mikono inatetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kupaa. Degedege ya arosto huja zaidi kati ya masaa 6 na 48, na inaweza kuja bila dalili nyingine kutangulia. Wengine huona au kusikia vitu ndani ya siku ya kwanza au ya pili huku akili yao bado ikijua wako wapi. Yale maluweluwe mazito, ya kuchanganyikiwa kabisa, kuweweseka, joto kupanda na presha kupanda, huja kati ya masaa 48 na 96. Hayo ndiyo yanayoua yasipotibiwa.

Sasa angalia jiografia yetu ya Ziwa Viktoria. Anayeumia Ukara anavushwa kwa mtumbwi hadi Ukerewe, anasubiri meli ya Nansio, na kabla ya hapo pengine kalala zahanati usiku mzima. Wa upande wa Sengerema alikuwa anasubiri kivuko Busisi, na ingawa tangu 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, bado anapitia kwanza hospitali ya wilaya, anafungwa banzi, anaandikiwa rufaa. Akifika Bugando, hospitali ya rufaa jijini Mwanza, faili lake linasema siku ya kwanza, mwili wake uko siku ya pili. Ukihesabu tangu alipopokelewa utashangaa kwa nini maluweluwe yamekuja "mapema". Hayakuja mapema. Hesabu tangu glasi ya mwisho, na uandike siku na saa juu kabisa ya faili, pembeni ya kundi la damu.

Kuuliza bila kupewa jibu la uongo

Ukiuliza "Unakunywa pombe?" utajibiwa "Hapana, daktari" au "Kidogo tu". Usimlaumu. Mtu wa ajali amekuja na PF3 mkononi, karatasi ya polisi, na kwake kila unachoandika kinaweza kuishia kituoni. Kama alikuwa anaendesha, hofu ni maradufu. Kama anakunywa gongo, anajua gongo ni haramu kisheria. Na pembeni amesimama mama mkwe, au kiongozi wa jumuiya aliyekuja kumwombea.

Kwa hiyo kwanza waombe ndugu wakasubiri nje, au uliza wakati wa kubadilisha bandeji, mkiwa wawili. Sema wazi kwamba unauliza kwa sababu ya dawa za usingizi na za maumivu, na hiyo ni kweli kabisa. Halafu uliza kama mtu anayetegemea jibu liwe ndiyo: "Kaka, mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini? Bia, konyagi au gongo?" Ukishapata jibu, uliza kuhusu asubuhi: "Huwa unazimua?" Anayelazimika kuzimua kila asubuhi ili mikono itulie ameshakueleza karibu yote unayohitaji. Uliza pia kama aliwahi kuanguka degedege au kuona maluweluwe alipokaa bila pombe, kwa sababu aliyewahi kupata arosto kali yuko hatarini kuipata tena, na kali zaidi.

Kwa namba, tumia maswali matatu ya kwanza ya kipimo cha AUDIT, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitengeneza kikiwa na maswali 10. La kwanza: unakunywa mara ngapi? Kamwe ni 0, mara moja kwa mwezi au pungufu ni 1, mara 2 hadi 4 kwa mwezi ni 2, mara 2 hadi 3 kwa wiki ni 3, mara 4 kwa wiki au zaidi ni 4. La pili: siku ukinywa, unakunywa vipimo vingapi? Kimoja au viwili ni 0, 3 au 4 ni 1, 5 au 6 ni 2, 7 hadi 9 ni 3, 10 na kuendelea ni 4. La tatu: ni mara ngapi unafikisha vipimo 6 kwa mkao mmoja? Kamwe 0, chini ya mara moja kwa mwezi 1, kila mwezi 2, kila wiki 3, kila siku au karibu kila siku 4. Mwanaume akifikisha 4, mwanamke 3, maliza maswali yote 10. Jumla ya 8 ni unywaji wa hatari, na 20 au zaidi kwenye 40 inaashiria utegemezi.

Tatizo liko kwenye neno "kipimo". Kipimo kimoja ni gramu 10 za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa moja ni vipimo viwili, si kimoja. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 ni gramu 55 hivi, vipimo vitano na nusu. Mtu akikwambia "vichupa viwili tu kwa siku", amekwambia vipimo 11. Gongo haina lebo, ukali wake unabadilika kila mtambo, kwa hiyo uliza ukubwa wa chombo na hela anayotumia kwa siku, halafu kadiria kwa juu.

Na hapa ziwani kuna jambo ambalo fomu hailijui. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki. Mbalamwezi ikiwa kubwa kazi inasimama, wanakaa nchi kavu na hela mfukoni. Wengi hunywa sana siku hizo, kisha hupunguza wakirudi majini. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata alama kubwa kwenye AUDIT na asipate arosto ya maana, wakati mbeba mizigo anayekunywa gongo kiasi kile kile kila siku, asubuhi na jioni, anaipata. Usiridhike na wastani wa mwezi. Uliza wiki mbili za mwisho, siku kwa siku. Na waulize akina mama pia. Anayepika gongo huionja, na karibu kila mara ndiye anayerukwa swali.

Ukiwa na kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi kitumie kinyume na wengi wanavyokitumia. Namba kubwa kwa mtu anayeongea sawasawa na kukumbuka kila kitu maana yake mwili umezoea. Na arosto inaweza kuanza kabla namba haijafika sifuri.

Kichwa kwanza

Harufu ya pombe si utambuzi. Majeruhi aliyelewa anatakiwa achangamke kadiri masaa yanavyokwenda, kwa sababu mwili huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Asipochangamka, au akichangamka kisha akazama tena, au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, hiyo si pombe, ni kichwa. CT skani, haraka. Mnywaji wa miaka mingi ubongo wake umesinyaa kidogo, mishipa inayouunganisha na utando imevutika, na chembe sahani za damu mara nyingi ni chache, hivyo pigo dogo linaweza kumvujisha damu taratibu kwa siku kadhaa. Degedege ya kwanza kwa mtu aliyeumia kichwa isiitwe ya pombe mpaka picha ya kichwa na sukari ya damu vimeangaliwa. Vivyo hivyo moyo kwenda mbio: tafuta kwanza damu inayovujia tumboni au kwenye paja, kisha maambukizi, kisha maumivu, ndipo useme arosto.

Akisema haoni vizuri na anapumua kwa nguvu baada ya gongo, fikiria sumu ya methanoli, aina ya pombe isiyofaa kunywewa. Hiyo ni habari nyingine na ni ya dharura.

Kupima ukali wa arosto kuna kipimo cha CIWA-Ar chenye vipengele 10 na alama hadi 67. Chini ya 8 mwangalie tu, 8 hadi 15 anahitaji dawa, zaidi ya 15 ni kali. Ila kilitengenezwa kwa watu wasio na majeraha. Maumivu ya kichwa na kutojua siku vyote huongeza alama, na vyote viwili mtu aliyepigwa kichwa anavyo tayari. Kwake naamini zaidi mikono iliyonyooshwa mbele, ulimi uliotolewa nje, jasho la viganja, na kama anakuna au anaokota vitu.

Dawa, na makosa ya dawa

Kazi kubwa inafanywa na diazepamu ya kumeza, dawa ya kutuliza. Mpango unaofaa kwa arosto ya kati ni miligramu 10 kila masaa 6 siku ya kwanza, kila masaa 8 siku ya pili, asubuhi na usiku siku ya tatu, usiku tu siku ya nne, miligramu 5 usiku siku ya tano, basi. Mwenye historia ya degedege au maluweluwe anza kabla dalili hazijatokea, na huenda akahitaji zaidi ya hapo, hadi miligramu 20 mara nne kwa siku. Kabla ya kila dozi mwamshe. Asipoamka kirahisi, au pumzi ziko chini ya 12 kwa dakika, dozi hiyo inarukwa na daktari anaitwa. Mzee, mwenye ini bovu au mwenye mbavu zilizovunjika anafaa zaidi lorazepamu miligramu 1 hadi 2, kwa sababu haikai mwilini muda mrefu. Akiwa kwenye degedege, ni diazepamu miligramu 10 polepole mshipani, au njia ya haja kubwa kama mshipa haupatikani. Kwenye msuli usichome, inafyonzwa ovyo.

Sasa makosa. La kwanza, na ndilo linalorudiwa sana, ni kumchoma mgonjwa anayehangaika lagaktili au haloperidoli, dawa za wagonjwa wa akili, peke yake. Anatulia, ndiyo, lakini dawa hizo hurahisisha degedege na haziitibu arosto yenyewe. Haloperidoli kidogo juu ya diazepamu ya kutosha inavumilika. Badala yake, hapana. La pili ni tramadoli, dawa ya maumivu. Iko kila wodi, inaandikwa bila kufikiri, nayo pia hurahisisha degedege. Mofini kwa kiasi na kwa uangalizi ni afadhali, ukikumbuka kuwa mofini na diazepamu pamoja hupunguza pumzi. Fenitoini, dawa ya kifafa, haizuii degedege ya arosto. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, kwa tumbo la mnywaji ni kutafuta kutapika damu. Panadoli inaruhusiwa, ila kwa aliyekonda na anayekunywa sana usivuke gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Kumfunga kamba za mikono mgonjwa anayeweweseka ni kosa lenye madhara ya kuonekana: anapambana, joto linapanda, misuli inaharibika, na chuma kilichopita kwenye mfupa kwa ajili ya uzito kinapanua tundu lake mpaka linaoza. Taa iwake, ndugu anayemfahamu akae karibu, aitwe kwa jina lake, aambiwe yuko hospitali na ni siku gani. Dawa ya kutosha hufanya kazi kuliko kamba.

Kisha vitamini B1, yaani thayamini, inayopuuzwa kwa sababu ni rahisi mno. Mnywaji halili vizuri, na akila ni ugali wa muhogo au wali, vyote vikiwa na B1 kidogo. Ikikosekana ubongo unaharibika kwa namna isiyorudi: kumbukumbu inafutika mtu akiwa na miaka 35. Kinga ni miligramu 100 kwa siku, angalau siku 5. Ukihisi tatizo limeshaanza, ni mshipani, miligramu 200 hadi 500 mara tatu kwa siku, kila moja kwa nusu saa, siku 3 hadi 5. Vidonge vya B complex havitoshi. B1 iliyomo ni miligramu chache tu. Vitabu vinasema tafuta kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza na kuyumba akitembea. Aliyefungiwa uzito mguuni hatembei. Ile dalili ya miguu hutaiona kamwe, kwa hiyo mwambie afuate kidole chako kwa macho kila asubuhi, na ukiwa na shaka toa dawa, haina madhara ya kukutisha. Kama anahitaji dripu ya sukari, B1 itangulie au ziende pamoja. Lakini sukari ikiwa imeshuka, usiicheleweshe kwa kusubiri B1. Potasiamu na magneziamu pia zicheki kabla ya chumba cha upasuaji.

Chumba cha upasuaji kina mtego wake. Mgonjwa anaambiwa asile wala kunywa tangu usiku, dharura zinamruka, anapelekwa kesho, tena bila kula. Dawa za kumeza za asubuhi zinarukwa pamoja na uji, na diazepamu ni mojawapo. Inywewe na maji kidogo, au itolewe mshipani. Na akitoka na usingizi wa dawa arosto inaweza kujificha humo kwa masaa, kisha itokee yote kwa pamoja usiku.

Ndugu

Waambieni mapema, siku ya kwanza: "Mama, usiku wa pili au wa tatu anaweza kuongea maneno yasiyoeleweka na kuona watu. Ni pombe inatoka mwilini. Ina dawa, na huwa inaisha ndani ya siku chache." Sentensi hizo zinaokoa miguu. Familia isiyoambiwa ikiona anaongea na wasioonekana itaamua kivyake, na wako wanaomtoa usiku kwenda kwa mganga na paja lisilofungwa.

Wengine, kwa huruma, huleta dawa wanayoijua. Gongo haina rangi, inaingia wodini kwenye chupa ya maji. Juu ya diazepamu na mofini inaweza kusimamisha pumzi. Hakuna haja ya kugombana; nusa chupa, eleza kwa nini, uiondoe.

Mazungumzo ya dakika 15

Maluweluwe yakiisha na maumivu yakatulia, mtu aliyelala na mguu juu ana muda wa kufikiri kuliko wakati wowote maishani mwake. Mwaka 1999 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha jaribio la kuzungumza kwa kifupi na majeruhi wanywaji kabla hawajaruhusiwa: majeraha mapya yalipungua kwa karibu nusu. Faida ya kupunguza unywaji ilionekana zaidi kwa wenye tatizo dogo na la kati. Huku kwetu, hospitali ya KCMC Moshi, yametengenezwa mazungumzo ya Kiswahili kwa majeruhi yanayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Hayo si mahubiri. Omba ruhusa kwanza. Mpe alama zake na maana yake. Uliza pombe inampa nini, kisha inamchukulia nini, umwache ahesabu mwenyewe, kuanzia siku ambazo pikipiki imelala bila kazi na hesabu ya bosi haijapelekwa. Uliza kwa 1 hadi 10 yuko tayari kiasi gani kubadilika. Akisema 4, uliza kwa nini si 2. Hapo ataanza kujieleza sababu zake mwenyewe, na wewe nyamaza.

Kwa mwenye alama 20 na kuendelea mazungumzo peke yake hayatoshi. Aonwe na kitengo cha afya ya akili akiwa bado kitandani. Akipewa karatasi ya kurudi wiki ijayo kutoka Nansio, nauli itaamua. Naltreksoni husaidia kupunguza hamu, lakini inazuia mofini na tramadoli zisifanye kazi, kwa hiyo subiri siku 7 hadi 10 baada ya dozi ya mwisho ya dawa hizo. Na mwambie jambo ambalo wengi hawaambiwi: baada ya wiki sita bila pombe mwili umesahau. Kiasi alichokuwa anakimudu zamani kinaweza kumlaza chini siku ya kwanza, na siku ya kwanza mara nyingi ndiyo marafiki wanamkaribisha kwa vichupa.

Kwenye karatasi ya ruhusa, chini ya "kuvunjika paja la kulia", andika "utegemezi wa pombe", alama zake, na tarehe ya glasi ya mwisho. Atakaporudi wiki ya sita kupigwa picha ya mfupa, yule anayesoma picha amuulize maswali yale matatu tena kabla hajamwandikia magongo.